Maji ya Ruwi, kichwa cha mjomba na dhahabu isiyokuwepo

Najua nimeadimika, mnisamehe. Zamu za usiku zimenifuatana, na mtu ukitoka zamu ya usiku ukakuta jua la Muscat linakusubiri mlangoni, unachotaka ni pazia zito na kitanda basi. Lakini wiki iliyopita Mama kanipigia, na hata salamu hatujamaliza kaniuliza: "Hivi maji ya huko yana nini? Mwanangu atanirudia kipara?"

Nikajua dogo kashaongea.

Kwa wasiojua, mdogo wangu yuko hapa mwaka wa pili sasa, anafanya kazi duka la vipuri vya magari Wadi Kabir, analala Ruwi. Miezi michache baada ya kufika alianza kuona nywele kwenye mto, kwenye taulo, na kwenye tundu la maji bafuni. Wenzake wa chumbani wakatoa hukumu palepale: maji. Tangu siku hiyo ananunua maji ya chupa ya kuoshea kichwa. Mwili anaogea maji ya bomba, kichwa kinaoga cha chupa kama sultani. Siku niliyomtembelea nilikuta katoni zimepangwa ukutani nikadhani anafungua genge. Nilicheka, halafu nikaacha kucheka, maana pesa ya katoni hizo ilikuwa inatoka kwenye ile anayomtumia Mama kila mwezi, ya dawa za presha na ada ya mdogo wetu wa mwisho.

Basi nimemuahidi Mama kwamba nitaandika jibu refu mlisome wote. Leo tuzungumzie historia ya upara na mambo ambayo watu wamekuwa wakiyaamini kuhusu upara. Mwanzo mtacheka. Mwisho hamtacheka, na nitawaambia kwa nini.

MAJI YA GHUBA

Ruwi kwa asiyeijua ni kama Kariakoo iliyozungukwa na milima ya mawe matupu, milima isiyo na hata unyasi, yenye upara kuliko mtu yeyote. Hadi 1973 kiwanja cha ndege kilikuwa hapa hapa, Bait al Falaj, kabla hakijahamia Seeb. Siku hizi ni maduka, mabasi, wabadilisha fedha, na vinyozi kila kona. Kaa kwenye foleni ya kinyozi yeyote jioni: kuna Wahindi, Wapakistani, Wabangladeshi, na wazee wa Kiomani wanaoongea Kiswahili cha Unguja kuliko mimi. Lugha tano, hoja moja: maji ya Ghuba yanamaliza nywele.

Hoja hiyo ina historia yake. Oman haina mto unaotiririka mwaka mzima kama Pangani yetu. Zamani watu waliishi kwa visima na kwa aflaj, ile mifereji ya kale inayoleta maji kutoka ardhini na milimani hadi mashambani. Mji ulipokua, ikabidi wageukie bahari, na 1976 mtambo wa kugeuza maji ya bahari kuwa maji baridi ulianza kazi Ghubrah, hapa Muscat. Sasa mgeni anapoambiwa kwamba maji anayooga yametoka baharini na kutiwa klorini, halafu akaona nywele kwenye taulo, anafanya hesabu yake mwenyewe: moja na moja ni mbili.

Lakini hesabu haikai sawa. Kwanza, kazi ya mtambo ndiyo hiyo ya kuondoa chumvi, na maji yanayotoka pale huwa na madini machache kuliko ya visima vingi vya kwetu. Pili, unywele mnaouona nje ya ngozi umeshakufa, kama ukucha. Kilicho hai ni shina lake, lililojificha milimita kadhaa ndani ya ngozi, linalopata chakula kutoka kwenye damu. Maji yanaweza kuufanya unywele uwe mkavu au ukatike. Joto nalo linachangia, na kiangazi hapa matangi ya juu ya paa huchemka mpaka maji ya bomba la baridi yanaunguza. Lakini kuogea maji ya bomba hakulifiki shina na kuliua.

Sasa mbona vijana wengi wakifika huku nywele zinapukutika? Kuna majibu mawili. La kwanza ni umri. Watu huja Ghuba wakiwa na miaka 25, 30, 35, na huo ndio umri ambao upara wa kiume huanza kujionyesha kwa wengi. Wangebaki Tanga ungewakuta Tanga. La pili ni mshtuko wa mwili. Kichwa kina nywele zipatazo 100,000, na kila siku 50 hadi 100 huanguka zenyewe bila shida yoyote. Mwili ukipata kishindo, kama homa kali, kupungua uzito ghafla, upasuaji, kuzaa, au mawazo mazito, nywele nyingi huingia likizo kwa pamoja, na baada ya miezi miwili au mitatu zinaanguka kwa pamoja. Wengi mliougua Uviko mliliona hili. Kijana anakuja, analala chumba kimoja na watu sita, hali vizuri, hajalala vizuri, anadaiwa na wakala aliyemleta. Miezi mitatu baadaye nywele zinaanguka, naye anatazama bomba. Aina hii kwa kawaida hurudi yenyewe mwili ukitulia, mara nyingi ndani ya miezi sita hivi. Na aliyekuwa anatumia maji ya chupa atasema ni chupa iliyomponya!

WA KALE NAO

Msidhani ni sisi tu. Wamisri wa kale, karibu mwaka 1550 kabla ya Kristo, waliandika kitabu cha tiba kwenye mafunjo, na ndani yake mna dawa za upara. Moja inataka mafuta ya simba, kiboko, mamba, paka, nyoka na mbuzi wa milimani, yachanganywe yapakwe kichwani. Fikirieni kazi ya kumpata simba na mamba kwa sababu ya nywele! Mgonjwa maskini bila shaka aliambiwa dawa imeshindwa kwa sababu alikosa kiboko.

Julius Caesar wa Roma, aliyeogopwa na majeshi, aliona haya na kichwa chake. Wanahistoria wa Kirumi waliandika kwamba alizichana nywele za nyuma kuja mbele, na katika heshima zote alizopewa, aliyoifurahia sana ni ruhusa ya kuvaa taji la majani wakati wote. Kwenye Biblia, kitabu cha pili cha Wafalme, vijana wanamzomea nabii Elisha kwa upara wake, na mwisho wao haukuwa mzuri, dubu wawili wakatoka msituni. Kwetu Waislamu, Sayyidna Umar bin Khattab na Sayyidna Ali wote wanaelezwa katika mapokezi kuwa walikuwa na upara. Basi mtu akimcheka mwenye upara, ajue anacheka nani na nani.

Jambo moja waliloliona wa kale likaja kuwa la kweli. Hippocrates, tabibu wa Kigiriki wa karne ya tano kabla ya Kristo, aliandika kwamba matowashi hawapati upara. Hakujua kwa nini. Dunia ikakaa na fumbo hilo zaidi ya miaka 2,000, na katikati watu wakajaza wanayoyataka: upara ni wa mtu mwenye akili nyingi, upara ni wa mtu anayependa sana wanawake, upara ni laana ya wazazi.

Mwaka 1942 mtaalamu wa Kimarekani, James Hamilton, alichapisha utafiti wa wanaume 104, wengi wao wakiwa wamekosa homoni ya kiume tangu ujanani, wengine kwa kuhasiwa. Hao wa tangu ujanani walikuwa na nywele zao zote. Baadhi walipopewa homoni hiyo, inayoitwa testosteroni, wale wenye ukoo wa upara walianza kupoteza nywele. Wale ambao ukoo wao hauna upara hawakupoteza. Kwa hiyo vinahitajika vitu viwili kwa pamoja: homoni na urithi. Baadaye ikajulikana kwamba mwili hugeuza sehemu ya testosteroni kuwa homoni nyingine kali zaidi, kwa kifupi DHT, na mashina ya nywele ya utosini na kwenye paji kwa watu wengine huielewa vibaya, yanasinyaa kidogo kidogo mpaka unywele unakuwa kama wa mtoto mchanga. Mwenye upara hana homoni nyingi kuliko mwenye nywele. Ni mashina yake tu yanayoisikia zaidi. Kwa hiyo wale wanaojisifu kwa upara wao mbele ya wanawake, nao wakae chini.

UJOMBANI

Bibi yetu husema upara hufuata ujombani. Bibi hajasoma jeni, lakini amesema nusu ya kweli. Jeni moja muhimu sana ya upara iko kwenye kromosomu X, na mwanamume X yake anaipata kwa mama. Ndiyo maana watu wengi hufanana na babu mzaa mama au mjomba. Lakini kuanzia 2008 wataalamu wakapata nyingine zisizo kwenye X, na utafiti mkubwa wa Uingereza wa 2017, uliopima wanaume zaidi ya 52,000, ulikuta sehemu zaidi ya 250 za urithi zinazohusika. Kwa hiyo baba naye yumo. Kina mama msilaumiwe peke yenu.

Sasa ushahidi wangu mkubwa dhidi ya maji ya Ghuba ni mjomba wetu. Wote mnamjua. Hajapanda ndege hata siku moja. Maisha yake yote ameoga maji ya kisima na ya mto, na kichwa chake kiling'aa kabla hajafika miaka 35. Nikamtumia dogo picha ya mjomba ya harusi yake, nikamwandikia: "Tazama paji lake, halafu nenda kwenye kioo." Hakunijibu siku mbili.

Wengine watasema mjomba aliharibiwa na kofia. Hili nalo nalisikia sana huku, kwa sababu Waomani huvaa kumma, ile kofia ya kudarizi iliyo ndugu wa kofia zetu za pwani. Ati kofia inazuia kichwa kupumua. Shina la unywele halipumui kwa juu, linapata hewa yake kwenye damu. Na kama kofia ingemaliza nywele, Lamu nzima isingekuwa na mwanamume mwenye nywele. Wengine wanasema nyoa kila wiki zitaota nene. Mwaka 1928 Mildred Trotter huko Marekani alipima nywele za wanaume walionyolewa mara kwa mara, na hakukuta zimeongezeka unene wala kasi. Unywele ulionyolewa una ncha butu, ndiyo maana unauhisi mgumu. Ingekuwa kunyoa kunaotesha, kila haji angerudi kutoka Makka na kichaka kichwani.

UPARA NI PESA

Nimefika pale ambapo nilisema hamtacheka.

Mnakumbuka watoto wa mtaani walimpa mjomba jina la Benki. Kwetu upara ni pesa. Mwenye kitambi na upara akipita, watu wanamwita bosi, na mjomba maskini alikuwa anakopwa na kila mtu kwa sababu ya kichwa chake, wakati biashara yake ni ya kuunga unga. Tulikuwa tunaona ni utani mtamu.

Juni 2017 polisi wa Msumbiji walitoa onyo kwa wanaume wenye upara. Wilaya ya Milange, mkoa wa Zambezia, mpakani na Malawi, wanaume wenye upara walikuwa wameuawa na kukatwa viungo. Vijana wawili walikamatwa. Polisi walieleza kwamba watu waliamini mwenye upara ni tajiri, na kwamba kichwani mwake mna dhahabu. Viungo, walisema, vilikuwa vinatafutwa kwa ajili ya waganga, kuwaletea bahati wateja wa Malawi na wa Tanzania.

Wateja wa Tanzania. Yaani kwetu.

Mjomba wakati ule alikuwa Tunduru, kafuata ufuta. Milange ni mbali na Tunduru, lakini mtu akishasikia kwamba wanunuzi wako upande wake wa mpaka haulizi kilomita. Bibi alimpigia akilia. Mjomba akaacha mzigo aliokwisha kuulipia nusu, akapanda basi na kofia imevutwa mpaka nyusi, na safari nzima, kama alivyonisimulia baadaye, hakuivua hata kufuta jasho. Aliniambia kwenye basi kuna kijana alimsalimia, "Shikamoo bosi," kama anavyosalimiwa siku zote, na tumbo likamkata. Hasara ya ufuta ule hakuifidia mwaka ule wote. Watu walidhani anatania alipokataa kuitwa Benki tena.

Na hili halikuanzia kwenye upara. Kanda ya Ziwa bibi vizee wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, na macho yale yalikuwa ya moshi wa kupikia kwa miaka mingi. Ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa, hasa kuanzia miaka ya 2007 na 2008, na wanachokosa ni rangi tu kwenye ngozi, macho na nywele. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufuta leseni za waganga wa jadi kwa sababu hiyo. Moshi, rangi, homoni. Mambo matatu ambayo muuguzi yeyote anaweza kuyaeleza kwa dakika tano, na watu wamekufa kwa kukosa dakika hizo tano.

Ndiyo maana sipendi tena kusema "ni imani tu, haina madhara." Imani ya chupa za maji inamnyima Mama dawa. Imani ya "upara ni pesa" ni utani, mpaka siku atakapotokea mtu mwenye njaa na panga anayeuamini. Mwili wa mtu ukiwa na alama ambayo hatuielewi, tunaijaza tunachokitamani au tunachokiogopa, halafu tunamdai mwenye mwili.

DAWA JE?

Najua mtaniuliza, kwa hiyo nijibu kabla hamjaniagiza. Dawa za upara wa kiume zilizothibitishwa ni chache, na zote mbili kubwa zilipatikana kwa njia ya kando. Minoksidili ilikuwa dawa ya presha, wagonjwa wakaota nywele wasizozitarajia, ikaruhusiwa Marekani kama dawa ya kupaka kichwani 1988. Finasteridi ilianza 1992 kama dawa ya tezi dume, na 1997 ikaruhusiwa kwa upara. Zinawasaidia baadhi tu, na ukiacha kutumia, kilichoota kinaondoka. Finasteridi inaweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa kwa wengine, na mama mjamzito asiguse kidonge kilichovunjika maana kinaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni. Msinunue mitaani, na msiniagize nizitie kwenye sanduku. Nendeni kwa daktari.

Kitunguu? Mtashangaa. Mwaka 2002 madaktari wa Baghdad walichapisha utafiti mdogo wa maji ya kitunguu, na wagonjwa wengi waliopaka waliota nywele. Lakini ule ulikuwa ugonjwa mwingine, wa nywele kutoka kwa mabaka ya duara, ambao mara nyingi hupona hata wenyewe. Haukuwa upara wa mjomba. Habasoda, nyonyo na hina vinaweza kulainisha nywele zilizopo, sijaona vikirudisha zilizokwenda.

Ila msikae nyumbani mkisema ni upara tu endapo nywele zinatoka kwa mabaka, kichwa kinawasha, kina magamba au usaha, au zinatoka ghafla pamoja na uchovu na kukonda. Mapunye ya watoto yanatibika kwa vidonge, na kaswende, matatizo ya tezi ya shingo na upungufu wa damu navyo huanza kujionyesha hivyo.

Sasa habari za dogo. Siku ya tatu baada ya ile picha alinipigia. "Dada," akasema, "mjomba alikuwa na miaka mingapi pale?" Nikamwambia 31. Akanyamaza, akasema, "Basi mimi nimechelewa kidogo." Ijumaa iliyofuata alikwenda kwa kinyozi wa hapa Ruwi akanyoa zote. Amependeza, kichwa chake kina umbo zuri, Mama utaona nikikutumia picha. Katoni zilizobaki tunapikia chai, na mwezi huu umeipata pesa yako kamili.

Ombi langu kwenu ni dogo. Mkimkuta mjomba barabarani, msimwite Benki. Mwiteni mjomba.

Haya, zamu inaniita. Tuombeane.